Kazi inayokuruhusu kuondoka

Upigaji wa filamu ya Captain Phillips ulipokwisha, Barkhad Abdi alirudi Minneapolis akaanza kuuza simu. Duka lilikuwa la kaka yake, ndani ya jengo la maduka, na kijana huyo mzaliwa wa Mogadishu alisimama nyuma ya kaunta kama muuzaji mwingine yeyote. Mteja aliyeingia kuulizia chaja hakuwa na sababu ya kujua kwamba mtu anayemhudumia ametoka kushinda baharini na Tom Hanks. Filamu ilikuwa bado haijatoka. Ilipotoka, Oktoba 2013, watu wakamjua kwa uso wake mwembamba, macho yake, na maneno aliyoyatunga papo hapo mbele ya kamera, akimwambia nahodha wa meli kwamba kuanzia saa hiyo nahodha ni yeye.

Kisa cha filamu hiyo hakiko mbali na kwetu. Meli ya Maersk Alabama ilitekwa na maharamia wa Kisomali Aprili 2009 ikiwa njiani kuelekea Mombasa, ndani yake mkiwa na shehena ya chakula cha msaada. Watayarishaji walipotaka waigizaji wa kuwaigiza maharamia, walikwenda kutangaza usaili Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis wenye Wasomali wengi. Zaidi ya watu 700 walijitokeza. Wanne wakapita, Abdi akiwa mmojawapo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, aliwahi kuendesha limuzini za kukodi, na hakuwa ameigiza hata siku moja.

Malipo yake yaliripotiwa kuwa dola 65,000. Ukizitaja kwa haraka ni fedha nyingi. Lakini kati ya kupigwa filamu na kuonyeshwa kwake ulipita mwaka na zaidi, kodi ya Marekani haimngoji mtu awe maarufu, na ada ya mwigizaji ikishalipwa imelipwa. Magazeti ya huko yaliandika kwamba alipokwenda Los Angeles kuinadi filamu aliishi kwa posho ya studio, na kwamba baadhi ya nguo alizopigwa nazo picha zilikuwa za kuazima. Februari 2014 alishinda tuzo ya BAFTA mjini London. Machi 2, akakaa katika ukumbi wa Dolby, Hollywood, akisubiri kusikia kama na Oscar ni yake. Haikuwa yake. Usiku huohuo, katika ukumbi uleule, Lupita Nyong'o alipanda jukwaani kuichukua ya kwake.

Tumsahau Lupita kidogo, turudi dukani. Duka la ndugu lina sifa ambayo benki haina: unaweza kuaga asubuhi na kuondoka adhuhuri. Wanaowashangaa waigizaji kwa kushika vibarua huuliza kwa nini wasitafute kazi ya maana. Mwigizaji anayeijua fani yake hatafuti kazi ya maana kwa maana hiyo. Anatafuta kazi itakayomruhusu kuondoka.

Wito wa usaili hauji na barua. Unaingia kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku, unataka watu kesho yake saa mbili asubuhi, nao hauna simile. Ukipita, unaambiwa ufike lokesheni alfajiri, labda Kigamboni, labda Bagamoyo, na sini yako ya dakika mbili inapigwa jioni, kwa sababu mvua ilinyesha, jenereta ikagoma, na kila adhana ilipoanza mtu wa sauti alivua vifaa vyake masikioni akasubiri iishe. Siku nzima imekwenda. Mwajiri mwenye mashine ya kusoma alama za vidole mlangoni hawezi kuelewa jambo hilo, wala hatuna sababu ya kumlaumu.

Ndiyo maana ukiwafuatilia waigizaji wa Dar es Salaam au Nairobi wanaochipukia, utawakuta kwenye kazi za aina fulani tu. Bodaboda na bajaji. Saluni. Mitumba ya kuuza kwa picha za simu. Kibanda cha uwakala wa M-Pesa, mradi awepo mdogo mtu wa kukishikilia. Tuisheni za jioni. Na kubwa kuliko zote, U-MC: kushika kipaza sauti kwenye harusi, sendofu na kichen pati, kazi ambayo huangukia wikendi, hulipa taslimu, na kumtaka mtu atumie sauti na mwili uleule anaoutumia kuigiza. Wachekeshaji wengi tunaowaona kwenye runinga wamesomesha watoto kwa sherehe za watu.

Lugha ya mtaani Dar es Salaam ina neno linalowafaa. Deiwaka ni yule anayeshika usukani au mlango wa daladala kwa saa chache ili mwenye ajira yake apumzike. Hana mkataba, analipwa siku hiyohiyo, na kesho anasimama tena kituoni kusubiri kuitwa. Mwigizaji ni deiwaka mara mbili. Ni deiwaka wa filamu, na ni deiwaka wa kazi inayomlisha wakati anaisubiri filamu.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Harrison Ford, na kwa kuwa umetajwa sana watu husahau sehemu yake yenye maana. Ford alifika Los Angeles miaka ya 1960 akasainiwa na studio ya Columbia kwa dola 150 kwa wiki, akapewa vijisehemu visivyokumbukwa na mtu. Akanunua nyumba kuukuu, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kuwalipa mafundi, alijifunza useremala kwa kusoma vitabu vya maktaba. Randa na msumeno vikamlisha yeye na familia yake kwa miaka. Mwaka 1970 aliongoza ujenzi wa studio ya kurekodia ya mwanamuziki Mbrazili Sérgio Mendes, na ipo picha yake akiwa na kundi zima la mafundi wenzake. Alikuwa amekwenda kufunga mlango katika ofisi ya Francis Ford Coppola pale George Lucas, aliyekuwa akifanya usaili wa Star Wars humohumo, alipomwomba awasomee wenzake mistari ili waliokuja kujaribiwa wawe na mtu wa kujibizana naye. Filamu ilitoka Mei 1977 na seremala huyo akiwa ndani yake.

Watu hukisimulia kisa hiki kama habari ya bahati. Ford mwenyewe amekuwa akikisimulia kwa namna nyingine: useremala ulimwezesha kukataa. Alipoletewa sehemu za ovyo kwenye runinga, angeweza kusema hapana kwa sababu lilikuwepo kabati la mtu la kumaliza. Mwenye njaa hawezi kukataa sehemu, na mwigizaji asiyekataa huishia kuigiza jambazi yuleyule kwa miaka ishirini.

Maseremala na waigizaji, kwa kweli, ni watu wa ukoo mmoja. James Burbage, aliyejenga jumba la maonyesho liitwalo The Theatre jijini London mwaka 1576, alikuwa seremala kabla hajawa mwigizaji, na mwanawe Richard ndiye aliyekuja kuwa nyota wa tamthilia za Shakespeare. Wala hawakuwa maseremala peke yao. John Heminges, mmoja wa wenzake Shakespeare jukwaani na mmoja wa wawili waliozikusanya tamthilia zake na kuzichapisha mwaka 1623, alikuwa mwanachama wa chama cha wauza vyakula. Robert Armin, aliyeigiza wachekeshaji wa kikundi hicho, alifunzwa usonara. Shakespeare aliyajua haya vizuri kiasi cha kuyafanyia mzaha: katika A Midsummer Night's Dream, watu wanaojitahidi kuandaa mchezo kwa ajili ya harusi ya mtawala ni mfumaji, seremala, fundi wa mivukuto, fundi sufuria, fundi samani na fundi cherehani. Wanafanya mazoezi msituni baada ya kazi. Kila kikundi cha maigizo cha mtaani kingejitambua hapo.

Sasa Lupita. Mwaka 2004 kampuni ya filamu ilipofika Kenya kupiga The Constant Gardener, yeye alikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wakitumwatumwa: kupeleka hiki, kuleta kile, kuhakikisha fulani yuko mahali fulani. Hakuwa mbele ya kamera, lakini alikuwa hatua chache kutoka ilipo. Humo ndimo alimozungumza na mwigizaji Ralph Fiennes kuhusu ndoto yake, naye akamshauri asiifuate kazi hii ila kama hawezi kuishi bila hiyo. Ushauri mkavu kwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Baadaye alitengeneza filamu ya maisha halisi ya watu wenye ualbino nchini Kenya, In My Genes, akaigiza katika tamthilia ya runinga ya Shuga mwaka 2009, akaenda kusoma uigizaji Yale na kumaliza mwaka 2012. 12 Years a Slave, filamu iliyompa ile Oscar, ilimkuta ndiyo kwanza anatoka darasani.

Si haki kuwaweka Lupita na Abdi kwenye mizani moja. Baba yake Lupita, Peter Anyang' Nyong'o, ni profesa, amekuwa waziri na seneta, kisha gavana wa Kisumu. Kijana anayejua kwamba nyumbani hakutakosekana chakula anaweza kutoa miaka yake kwa kazi ya kutumwa yenye malipo madogo, kwa sababu inamweka karibu na watu anaotaka kuwa kama wao. Aliyetoka familia iliyokimbia vita kwenda Yemen na kisha Marekani anapaswa kuendesha gari la kukodi kwanza. Saa za kufanyia mazoezi huwa zimenunuliwa na mtu, mzazi au mwigizaji mwenyewe. Hilo halimpunguzii Lupita chochote, ila linafaa kusemwa kila anapotolewa mfano kwa watoto wa Tandale na Mathare.

Kwa upande wa Tanzania, hesabu ya filamu iliharibika mapema. Katika zama za VCD na DVD, msambazaji wa Kariakoo alinunua haki za filamu kwa mkupuo, mtayarishaji akawalipa waigizaji kwa mkupuo, na baada ya hapo filamu ingeweza kuchezwa kwenye mabasi ya mikoani kwa miaka kumi bila senti kumrudia aliyelia machozi ndani yake. Wezi wa kazi walikuwa wakirudufu kwa bei ya soda. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, umati ambao wanasiasa wangeutamani. Ukubwa wa jina na ukubwa wa kipato vilikuwa vimeachana siku nyingi, na waigizaji waliokuwa wakimlilia pale walilijua hilo kuliko waombolezaji waliokuja kuwaona.

Wenye akili walitafuta shamba, wengine kwa maana halisi ya neno. Emmanuel Mgaya, tunayemwita Masanja Mkandamizaji tangu enzi za kipindi cha vichekesho cha Orijino Komedi, ni mkulima wa mpunga wa Mbarali, mkoani Mbeya, na hajawahi kuficha jambo hilo. Amekuwa akilisema kwa majivuno kuliko anavyoisema runinga. Mpunga una ratiba yake lakini hauna msimamizi wa zamu. Mwigizaji Jacqueline Wolper aliingia kwenye ubunifu na ushonaji wa nguo. Wengine wamefungua maduka na saluni Sinza na Kinondoni, ambako jina la filamu ndilo bango la duka.

Kuna hatari hapa ambayo haisemwi sana. Kazi ya pembeni ikilipa vizuri mno, inamshika mtu. MC anayelipwa vizuri kila Jumamosi atafikiri mara mbili kabla ya kwenda mkoani wiki tatu kupiga tamthilia kwa posho. Jon Hamm, kabla ya Mad Men kumfanya nyota mwaka 2007, alikuwa mhudumu wa mikahawa Los Angeles, na amesimulia kwamba alijiwekea ukomo: akifika miaka 30 bila kupata kitu, anaacha. Ukomo wa namna hiyo haukuwa dhidi ya uigizaji peke yake. Ulimzuia pia asije akazeeka na trei mkononi huku akijiita mwigizaji.

Na aibu je? Hiyo nayo ni gharama, ijapokuwa haiandikwi kwenye daftari. Mwaka 2018 mtu mmoja alimpiga picha Geoffrey Owens akiwa kwenye mashine ya malipo ya duka la vyakula la Trader Joe's, Clifton, New Jersey. Owens ndiye Elvin wa The Cosby Show, mkwe wa nyumba ile maarufu. Ana shahada ya Yale. Picha ikatangazwa kama kashfa. Kilichofuata hakikutarajiwa na walioitangaza: waigizaji wenzake walijitokeza kwa mamia wakitaja vibarua vyao vya sasa, si vya zamani tu, na Owens akaenda kwenye runinga na beji yake ya dukani kueleza kwamba alichukua kazi hiyo kwa sababu ratiba yake ilimwachia nafasi ya usaili, kuigiza na kufundisha. Tyler Perry akamwita kwenye tamthilia yake. Owens alishaacha kazi ya duka kwa sababu ya wapiga picha, hivyo walioitoa picha ile walikuwa wamemwachisha mtu kazi.

Wakenya walikuwa wameshaitengenezea vichekesho aibu hii muda mrefu kabla. Katika Papa Shirandula ya Citizen TV, Charles Bukeko aliigiza mlinzi wa getini ambaye mkewe, Wilbroda, anaamini ni mtu wa ofisini. Uchekeshaji wote wa mwanzo wa kipindi hicho umesimama juu ya sare ya ulinzi inayofichwa. Watazamaji walicheka kwa sababu kila mtaa una baba wa namna hiyo. Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alijulikana bara zima kwa tangazo la Coca-Cola, na matangazo kwa kweli ndiyo yanayolipa: nusu siku ya kutabasamu na chupa inaweza kuzidi miezi ya tamthilia.

Wakongwe waliotangulia hawakuwa na hata hayo. Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, alichekesha Kenya kwa miongo kupitia runinga ya taifa, na uzeeni mashabiki walilazimika kumchangia fedha za matibabu ya macho. Alifariki Julai 2015. Deiwaka hana pensheni.

Anayedhani haya ni matatizo ya nchi zetu atazame mgomo wa waigizaji wa Hollywood wa 2023, uliodumu siku 118. Katika mabishano yale ilijitokeza namba ambayo Wamarekani wengi hawakuijua: ili mwanachama wa chama cha waigizaji apate bima ya afya ya chama, alipaswa kuingiza angalau dola 26,470 kwa mwaka kutokana na uigizaji. Chama kina wanachama wapatao 160,000. Zaidi ya wanane katika kila kumi hawakuwa wakifika hapo. Hollywood, kwa maneno mengine, ni mji wa madereva na wahudumu wenye watu wachache matajiri juu yao.

Hata hivyo, ipo njia ambayo Afrika Mashariki imeibuni na ambayo Hollywood haina. Hapa mwigizaji anaweza kuishi kwa kuigiza bila kuwa nyota, mradi asichague sana mahali pa kuigizia. Redio ilianza zamani: Twende na Wakati ya Radio Tanzania, kuanzia 1993, ilitumia waigizaji kufundisha uzazi wa mpango na habari za Ukimwi, na tangu hapo miradi ya afya imekuwa mwajiri mkubwa kimyakimya. Siri ya Mtungi, iliyopigwa Bagamoyo na kuanza kurushwa 2012, ilikuwa tamthilia ya kiwango cha juu kwa sababu nyuma yake ilikuwepo bajeti ya elimu ya jamii. Ikaja pia kazi ya kuingizia sauti tamthilia za kigeni. Mwaka 2011 TBC ilirusha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina ya binti aitwaye Mao Doudou na mama wakwe zake, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Washindi wa shindano la sauti la StarTimes walipelekwa hadi Beijing kufanya kazi hiyo. Sultan ya Kituruki nayo ikaingia majumbani kupitia Azam. Mwigizaji wa sauti hajulikani na mtu sokoni, ila akiagiza nyanya wauzaji hugeuka kumtafuta Hurrem wa Sultan.

Kenya ina vitabu teule. Kwa kuwa wanafunzi wa kidato cha nne hutahiniwa kwa tamthilia moja ya Kiswahili kila kipindi, vikundi vya waigizaji hupanda basi dogo na kuzunguka shule hadi shule kuigiza kitabu kizima mbele ya wanafunzi mia kadhaa waliokaa juu ya nyasi au kwenye bwalo la chakula. Wakati wa Kigogo cha Pauline Kea, kilichotahiniwa hadi 2022, akina Majoka, dikteta wa tamthilia hiyo, walikuwa wengi barabarani kuliko wanaoweza kuhesabika. Baadaye ikawa zamu ya Bembea ya Maisha. Onyesho moja asubuhi, jingine mchana katika kaunti ya jirani, malipo kwa idadi ya wanafunzi, mavazi kwenye mifuko ya nailoni. Hadhira yake ni kali: imesoma mazungumzo yote, na ukiruka sentensi inakukumbusha kwa sauti.

Onyesho likimalizika, wanafunzi humzunguka Majoka, dikteta wa Sagamoyo, wakitaka kumgusa lile koti. Dakika kumi zilizopita alikuwa akiwatetemesha. Kisha simu yake inaita, naye anajitenga kando ya basi, anainamisha kichwa na kushusha sauti hadi ya mtoto aliyetumwa dukani: ndiyo mama, kabati lako limebaki kupakwa vanishi tu, kesho jioni nitakuletea, samahani sana mama, leo nimetoka kidogo.